Kati ya Ghorofa Mbili

Naapa kwa macho yangu yote mawili, hili linaloona na hili lenye mtoto wa jicho, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu na sikuyatia hata punje ya chumvi. Ukikuta humu neno la uongo, sheria ya nyumba yetu inifuate, nami nitalipa. Sheria yenyewe nitaieleza. Kwanza mlango.

Ulikuwa mlango wa mbao, wa kijani, rangi imechunika kuzunguka kitasa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nje yake, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha mpaka ikafika ukuta wa pili, maana ukumbi wetu ni mwembamba kama soksi. Ndani, mjukuu wangu alikuwa amekaa vilevile upande wake. Nilijua kwa sababu mwanga unaopita chini ya mlango ulikatika katikati, pale palipokuwa na kivuli chake. Kupitia tundu la ufunguo nilikuwa nimeiona sare yake ya shule msumarini, imepigwa pasi, mikono inaning'inia kama ya mtu aliyekata tamaa.

"Uko peke yako humo ndani?" nikamuuliza.

Kivuli kikasogea.

"Una hewa?"

Sauti ndogo ikajibu: "Ninayo."

"Basi kaa chini. Usiguse mlango. Tuko pamoja."

Maneno hayo sikuyatunga asubuhi ile. Nimeyasema maisha yangu yote kwa watu ambao sikuwaona sura.

Nilikuwa fundi wa lifti. Usicheke ukisikia kwamba fundi wa lifti alizeekea katika nyumba yenye ngazi tupu. Mshona suti naye kaptula yake huifunga kwa pini. Kusoma nilijifundisha kazini, kwanza kwa namba za ghorofa, kisha kwa vibao vya onyo, kisha kwa magazeti ambayo watu waliyaacha ndani ya lifti. Ndiyo maana mpaka leo naweza kusoma habari yoyote, mradi iwe imekanyagwa.

Lifti ikikwama kati ya ghorofa mbili, aliyemo ndani usimwambie asiogope. Ukimwambia asiogope, anajua kuna la kuogopa. Fundi mmoja anapanda chumba cha mashine juu ya paa, anakata umeme, anaachia breki kidogo kidogo, na anazungusha gurudumu kwa mkono mpaka sakafu ya lifti ilingane na sakafu ya ghorofa. Hampeleki mtu kule alikokuwa anakwenda. Anampeleka ghorofa iliyo karibu, iwe ya juu, iwe ya chini. Wanaoumia ni wale wanaovutwa mikono watoke kabla sakafu hazijalingana. Niliwahi kumwona mmoja. Sitamwandika.

Fundi wa pili anakaa mlangoni, anaongea. Huyo nilikuwa mimi. Niliwaambia waliokwama kwamba niliwahi kumtoa tembo wa sarakasi kwenye lifti ya hoteli, naye akanishukuru kwa kunipigia saluti ya mkonga. Niliwaambia kuna lifti niliyoitengeneza ikapanda hadi mawinguni, na abiria wakateremka wamelowa. Walicheka, wakasahau kuhesabu pumzi zao. Wenzangu kazini wakaniita Mzee Chumvi nikiwa bado sijaota ndevu.

Tatizo la chumvi ni kwamba mkono ukizoea, unatia mpaka kwenye uji. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliliona hilo mapema, akaitunga sheria: katika nyumba hii mtu akikamatwa na uongo, haombi radhi. Anautenda. Nilisema naweza kupandisha pipa la maji kichwani mpaka kwetu juu. Alinikamata, nikalipandisha, na shingo yangu haijarudi mahali pake hadi leo. Nilisema najua kushona. Nikashona gauni, na binti yetu alilivaa, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, kwa sababu mama yake alisema sheria haichagui wa kumwonea.

Mjukuu wetu, binti wa binti huyo, ndiye aliyerithi kiti cha hakimu. Tulimwita Chiriku kwa kuwa alikuwa haishi kuongea. Aliongea akila, aliongea amelala, aliongea akiwa amejaza maji mdomoni. Akikaa kwenye mapaja ya bibi yake, wawili hao walinisikiliza kama polisi. Nikimaliza, bibi anamtazama Chiriku, Chiriku anatikisa kichwa, na mimi naenda kutafuta pipa.

Bibi alifariki siku ya shule. Asubuhi alikuwa amemfunga Chiriku kamba za viatu, akamsukuma ngazini akimwambia asikimbie. Alipotoka shule, Chiriku alikuta viti vya majirani vimejaa uani. Alisimama langoni na begi mgongoni. Alivitazama viti vile kimoja kimoja, na mimi niliyekuwa na maneno kwa ajili ya kila aliyekwama mjini sikuwa na hata neno moja.

Alirudi shule. Alikwenda kwa miezi, na tukadhani limepita. Halafu tumbo likaanza kumuuma. Lilikuwa tumbo lenye akili: liliuma Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi likapona. Tulilicheka. Hatukupaswa kulicheka. Baada ya tumbo kichwa, baada ya kichwa pumzi, na mwishowe ikawa ukitaja tu neno kesho, vidole vyake vinakuwa baridi.

Kila mtu alimtafuta mkosaji. Mama yake alishuku mwalimu wa hesabu. Jirani alishuku kijicho. Mimi nilishuku wavulana, kwa kuwa nami niliwahi kuwa mmoja wao. Tulimhoji kwa zamu mpaka akaacha kujibu. Hapakuwa na mkosaji, na hilo ndilo lililotuchosha kuliko yote, maana mkosaji angalau unaweza kumwendea.

Mama yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alirudi nyumbani unga ungali kwenye kope, na siku hizo alikuwa ameshaonywa kazini kwa kuchelewa. Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia. Alimshika Chiriku mkono, akamvuta ngazini. Mtoto alishika reli, na mama akavibandua vidole vyake kimoja kimoja, akilia huku akivibandua. Walifika hadi kona ya mshona viatu, ambapo geti la shule linaanza kuonekana. Hapo Chiriku alitapika, akaanguka. Walirudi wakiwa na vumbi, hawatazamani. Tangu siku hiyo mlango wa kijani ukapata komeo, kwa ndani.

Sikumlaumu binti yangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, na aliniuliza kama yeye ni mama mbaya. Nikamwambia sakafu hazikuwa zimelingana, basi. Hakunielewa, nami sikuwa na njia nzuri zaidi ya kulisema.

Shule ikamtuma mwalimu wa ushauri. Alikuwa mwanamke kijana, viatu bapa, mkoba wenye zipu iliyokufa. Alipanda ngazi zetu zote bila kulalamika, na kwa hilo tu nilimheshimu. Alisema nafasi ya Chiriku itashikiliwa hadi mwisho wa muhula. Baada ya hapo atapewa mtoto mwingine, kwani wanaongoja ni wengi. Alisema pia tusimvute. Kwanza avae sare, akae nayo hapahapa nyumbani. Siku nyingine ashuke ngazi. Siku nyingine kona. Tusiseme neno darasa mpaka yeye mwenyewe alitaje.

Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ni kazi yangu ya zamani kabisa. Tofauti ni kwamba wewe huna grisi."

Alicheka. Akauliza, "Na wewe mzee, ulisoma shule gani?"

Nikamjibu kwamba nilihitimu chuo kikuu cha shimo la lifti, shahada yangu nilipewa gizani, ndiyo maana hakuna aliyeiona. Alicheka tena, lakini alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ule ambao mzaha wangu ulistahili.

Basi nikawa nakaa mlangoni. Mama yake akiondoka kwenda kazini kukiwa bado na umande, mimi natandika gunia langu ukumbini, nabisha kwa kucha, nauliza yale maswali yangu. Una hewa? Ninayo. Kisha naanza tembo, au mawingu, au jinsi nilivyomtoa bwana harusi aliyekwama na bibi harusi asiye wake. Mwanzoni alinijibu kwa kukohoa. Baadaye akaanza kunishtaki kupitia tundu la ufunguo: tembo haingii kwenye lifti ya hoteli, Babu, mlango haumtoshi. Nikamwambia aliingia kinyumenyume. Nikasikia kitu kama kicheko, kimezimwa na kiganja.

Siku moja nilipochungulia tunduni niliona sare haipo msumarini. Siku nyingine komeo lilifunguliwa, akala chakula chake nasi mezani, amevaa sare, bila viatu. Siku nyingine tulishuka ngazi, tukakaa kwenye ya mwisho, tukawatazama watu wakipita, tukapanda tena. Mama yake alipopata habari hizo alisimama jikoni akiwa ameshika sufuria tupu, hakujua aiweke wapi. Usiku huo alinikaangia yai ambalo sikuliomba.

Muhula ulikuwa unaisha. Nami, badala ya kutazama gurudumu, nilianza kutazama kalenda.

Ndipo akaniuliza. Asubuhi ile alikuwa amerudi nyuma ya komeo. Siku nyingine ilikuwa hivyo, tunapanda kidogo, tunashuka kidogo. Kivuli chake kilikuwa chini ya mlango.

"Babu, wewe uliwahi?"

"Kuwahi nini?"

"Kushindwa kwenda."

Nikasema, "Niliwahi. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Nikifika getini, pumzi inakatika. Baba alinipiga. Pumzi ikaendelea kukatika."

Kivuli kilisogea, nikasikia bega lake likigusa mlango palepale lilipokuwa bega langu.

"Mimi nikiwa darasani nasikia viti," akasema. "Vinatolewa nje. Hapa nyumbani. Najua havitolewi, Babu. Lakini navisikia."

Laiti ningenyamaza. Fundi mwenye akili, sakafu ikiwa imebaki kiganja kimoja, ndipo anapopunguza mkono. Mimi niliiona ghorofa iko pale, nikaona nikisukuma kidogo tu tumefika.

"Ukafanyaje?" akauliza.

"Nikarudi," nikasema.

Na mkono ukaingia kwenye chumvi. Nikamwambia jinsi nilivyoamka kabla ya jogoo, nikang'arisha viatu kwa ganda la ndizi mpaka kuku wakajiona humo wakakimbia. Nikamwambia mwalimu mkuu aliponiona alilia kwenye leso kubwa kama shuka, watoto wakapiga madawati kama ngoma, na mwaka ule nikawa wa kwanza, nikabebwa mabegani kutoka darasani mpaka nyumbani, na mama yangu akanisahau jina kwa furaha.

Komeo likafunguka.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alivaa sare, soksi na viatu. Alijifunga kamba mwenyewe. Mama yake alichelewa kazini makusudi, akatutazama kutoka dirishani. Hakupunga mkono, nadhani aliogopa kuutikisa upepo. Tulishuka. Tukapita duka la mikate, tukapita penye bomba linalovuja. Alinishika mkono, na mkono wake haukuwa baridi sana. Kwenye kona, mshona viatu alitusalimia na misumari mdomoni. Geti la shule lilikuwa kule mbele, la chuma, la buluu.

"Siku ile uliporudi," akaniuliza, "ulikaa wapi darasani?"

"Mbele kabisa," nikasema, "dirishani, karibu na mvulana mmoja mwenye masikio makubwa. Tulimwita Sufuria. Upepo ukivuma, tulimshika miguu."

Alisimama.

"Babu."

"Naam."

"Ile ya kushindwa uliisema kwa maneno machache. Hukuweka hata kuku. Hii ya kurudi ina leso, ina madawati, ina masikio." Alikuwa anatazama geti, si mimi. "Bibi aliniambia, ukisema kweli unakuwa bahili. Hukurudi."

Ningeweza kukana. Nimewahi kukana nikiwa na ushahidi mkononi. Lakini ile sauti haikuwa ya hakimu aliyefurahi kushinda.

"Sikurudi," nikasema. "Walinipeleka kwa fundi, nikambebea mkoba wa spana."

"Kwa hiyo hakuna aliyerudi."

Aligeuka, nami nikageuka. Mshona viatu alitoa misumari mdomoni kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akairudisha.

Baada ya hapo mlango ulinyamaza. Nilikaa kwenye gunia langu, nikauliza kama ana hewa, na hakuna aliyenijibu. Nilianza habari ya tembo, nikaisikia inavyonuka uongo, nikaiacha katikati. Chakula tulikiweka chini, kikaliwa tukiwa hatupo. Kivuli hakikuja tena karibu na mlango. Alikaa mbali, upande wa dirisha. Binti yangu alirudi kutoka kazini, akaweka mkoba chini, akaniambia taratibu, bila hasira, na heri angekuwa na hasira: "Baba, alikuwa anakuamini wewe tu." Kisha akaenda kuosha unga usoni, akakaa huko muda mrefu bomba likiwa wazi.

Mwalimu wa ushauri alikuja tena. Nilimwambia kila kitu, nikiwa nimeinamisha kichwa kama nimeitwa ofisini. Hakunikemea. Alisema muhula umebaki kidogo, na kwamba asingependa kuniahidi kitu.

Ndipo nikaikumbuka sheria. Anayekamatwa haombi radhi.

Nilivaa shati la kola, nikachana nywele nilizobakiwa nazo. Nikasimama mbele ya mlango wa kijani. "Chiriku," nikasema, "nilisema nilirudi. Sheria ni sheria. Naenda kurudi." Sikusubiri jibu. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshaongea na mwalimu: ningekaa kwenye darasa la watoto wadogo, dawati la nyuma, asubuhi moja tu, iwe nimelipa.

Na sasa sikiliza vizuri nilivyofanya, maana hapa ndipo ujanja wangu wote wa kazi ulipokutana mahali pamoja. Nilijua atanifuata. Nilikuwa nimelipigia hesabu jambo lile kama fundi anavyopima kamba. Nilipofika konani nilimkonyeza mshona viatu, nikajishika kifua kama mwigizaji wa jukwaani, nikaegemea ukuta, nikateremka taratibu mpaka chini huku nikitoa mguno ambao uliwarusha njiwa wote wa mtaa ule. Mshona viatu aliangusha msumeno wake, au sindano, chochote kile alichokuwa nacho. Akajipigilia msumari kwenye soli yake mwenyewe. Mimi jicho moja nimelifumba, la pili nachungulia. Naam, huyo anakuja. Chiriku, gauni la nyumbani, ndala moja nyekundu na nyingine nyeusi, anakimbia.

Alipiga magoti mbele yangu. "Babu, una hewa?"

"Sina," nikamjibu kwa sauti ya mtu anayeagana na dunia, huku ndani kwa ndani nacheka.

"Kaa chini. Usiinuke. Niko hapa."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akakimbia kuelekea getini, akapita getini, akaingia shuleni, mpaka ndani kabisa, kabla moyo wake haujapata habari kwamba miguu imeshafika. Alirudi na mwalimu wa ushauri, na kikombe cha maji. Hapo nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikacheka kicheko cha ushindi, nikamwambia: umeingia! Tukaenda wote watatu, mlinzi wa geti akanipigia saluti, nami nikapita getini kifua mbele, nikakaa kwenye dawati la nyuma, nikalipa deni langu mbele ya mashahidi. Na tangu siku hiyo Chiriku hakukosa shule tena.

Niliandika mpaka hapo, nikaona hadithi imekaa sawa, nikampa Chiriku asome.

Ni mtu mzima sasa. Ana kazi yake, ana miwani yake, na bado ananyamaza kwanza kabla ya kusema, kama mtu anayepima maji kwa kidole. Alisoma akiwa amesimama jikoni, mgongo kwenye kabati. Alicheka kwenye tembo. Kwenye viti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipofika konani aliacha kucheka, akasoma mpaka mwisho, akaweka karatasi juu ya meza na kiganja juu yake.

"Hawa njiwa wametoka wapi?"

Nikamwambia njiwa ni ndege, hawaagi.

"Mshona viatu ana msumeno wa nini?" Akasubiri. "Babu. Saluti umeazima kwa tembo."

Nikatazama dirishani. Wakati mwingine unajua lifti imesimama hata kabla taa hazijazimika.

"Hukujifanya," akasema.

Sikujifanya. Nilifika konani, nikaliona geti, pumzi ikakatika. Nilikaa chini. Sikumwona akija. Aliniuliza kama nina hewa, nikasema sina. Mshona viatu hakuwepo siku ile, wala hakukuwa na mtu mwingine wa kutumwa, kwa hiyo alikwenda yeye. Alirudi amebeba kiti. Mwalimu alitaka kumsaidia, akakataa. Alikitoa kiti kile darasani, akapita nacho getini, akakileta hadi konani, akakiweka, akasubiri nikikalie. Kisha akasimama nyuma yangu, mikono yake kwenye mabega yangu, mpaka nilipoweza kurudi nyumbani.

Hakurudi shule siku ile, wala wiki ile. Muhula uliisha, nafasi akapewa mtoto mwingine. Mama yake aliachishwa kazi kiwandani, akaenda kufua nguo za watu. Mwaka uliofuata Chiriku alirudia darasa kwenye benchi la nyuma, nusu siku, kisha siku nzima, kisha tena nusu. Miaka miwili ilipita hivyo. Asubuhi nyingine bado tulikaa pande mbili za mlango.

Mimi sikupita lile geti. Si siku ile, si baadaye.

Alivuta kiti, akakaa mbele yangu. Akaniambia jioni kuna darasa la watu wazima palepale shuleni, na kwamba alishaulizia siku nyingi, alikuwa anasubiri tu nijikamatishe mwenyewe.

"Kwa umri huu?" nikasema.

"Umeandika ulipita kifua mbele."

"Nitafuta mstari."

"Sheria haisemi ufute."

Jana jioni tulienda. Mshona viatu hayupo tena pale konani, wanauza simu. Nilisimama. Aliniuliza kama nina hewa. Nikasema kidogo. Akasema tusiende mbali, ghorofa iliyo karibu inatosha.

Nililigusa geti. Ni la baridi.

Kesho tunaenda tena.